Laptopu ya Kujibu Rozari

Saa kumi na moja jioni, Deolinda alipokuwa katikati ya kumi la pili la rozari, mashine ilizimika. Haikutoa onyo. Sauti ilikuwa imeshasema, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee," kisha kioo kikawa cheusi, feni ikakoroma mara moja kama mtu anayejigeuza usingizini, ikanyamaza.

Deolinda alibaki ameshika punje ya rozari kati ya vidole viwili. Akangoja, kwa mazoea tu. Halafu akamalizia mwenyewe kwa sauti ndogo: "Sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Ceferina, kisu kilichokuwa kikimenya mihogo nacho kilinyamaza. Baada ya muda kikaendelea. Deolinda hakukitilia maanani.

Aligusa mgongo wa laptopu, akaurudisha mkono haraka. Ulikuwa moto kama pasi. Alikuwa ameshaipuliza vumbi, ameshaihamishia kwenye sakafu ya vigae, ameshaiwekea feni ya mezani ikiipepea ubavuni kama mgonjwa wa homa. Mwanzoni ilikuwa ikizimika mwishoni kabisa, kwenye litania. Kisha kwenye kumi la nne. Sasa la pili. Alijua inakoelekea. Ugonjwa wa namna hiyo alikuwa ameuona ukitembea ndani ya nyumba hiyohiyo.

Melanio, mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa sauti. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani pale kijijini Carayaó, na ndiye aliyeitwa na majirani awaitie ng'ombe wao wakati wenyewe wameshapiga kelele mpaka wamechoka. Halafu madaktari wa Asunción, mji mkuu wa Paraguai, wakamkuta na uvimbe, na ili abaki hai wakamwondolea koo la kusemea. Alirudi nyumbani na tundu shingoni na kitambaa cheupe juu yake. Siku za kwanza alikaa barazani akipiga makofi kuita mtu. Kisha akaichukua laptopu yake nene nyeusi, ileile aliyofanyia kazi za parokia, akaifundisha kusema.

Kompyuta hakuwa mgeni nazo. Zile za shule na za parokia zililetwa kama sadaka, nyingi zimechoka tangu zilikotoka, na mfumo uliokuja nazo uliziinamisha kama punda aliyebebeshwa matofali. Melanio aliufuta akaweka Linux, mfumo usio na tajiri wa kudai kodi, unaotengenezwa na watu wasiojuana waliotawanyika duniani, nazo mashine zikaamka. Humo ndani ya Linux ndimo alimoipata sauti.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa ya bati, ya puani, si ya mwanamume wala ya mwanamke. Kihispania ilikisoma kama askari anayesoma mashtaka, na ukiiandikia Kiguarani, lugha yao ya nyumbani, ndipo watu waliposhika mbavu. Padri mmoja kijana alimwambia kwamba siku hizi zipo sauti laini, huwezi kuzitofautisha na mtu. Melanio akaandika, na mashine ikamjibu padri usoni: "Hiyo itakuwa ya mtu mwingine. Hii nimeshaizoea."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sauti yake kwa muda wote uliobaki. Kwa sauti hiyo aliomba chumvi. Kwa sauti hiyo aligombana na kuku, "Tokeni! Tokeni!" na kuku wakatoka mbio kuliko walivyomtii alipokuwa na koo. Na kwa sauti hiyo, asubuhi moja wakinywa chai ya majani, alimwambia Deolinda neno ambalo katika miaka yote ya koo lake hakuwahi kulitamka. Deolinda alicheka kwanza, ndipo akalia.

Rozari ni ya watu wawili. Mmoja anasalimu, mwingine anaomba. Walikuwa wakiisali hivyo barazani tangu walipooana, yeye akianza, Melanio akijibu. Alipoona kwamba kifo kinamkaribia, Melanio aliandika programu ndogo: Deolinda akimaliza nusu yake anabonyeza kitufe kile kirefu cha chini, na sauti ya bati inajibu nusu ya pili. Asipobonyeza, inangoja. Akienda kuangalia sufuria, inangoja. Akisimama kwenye punje moja kwa sababu machozi yamemjia, inangoja tu.

Baada ya mazishi yule padri alimwonyesha kwenye simu rozari iliyorekodiwa na masista wengi, sauti kama asali. Deolinda aliisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Wanasali vizuri, Padri," alisema. "Lakini hawanisubiri. Nikikohoa tu, wenzangu wameshafika Atukuzwe Baba."

Na Ceferina? Ceferina alikuwa jirani wa ua mmoja, na kabla ya msiba alikuwa rafiki zaidi ya jirani. Lakini siku ya mwisho ya zile siku tisa za kumwombea marehemu, Deolinda aliiweka mashine katikati ya waombolezaji ili Melanio naye ajibu. Sauti ya bati ilipoanza "Maria Mtakatifu," Ceferina aliangua kicheko. Alijiziba mdomo kwa shali, mabega yakamtetemeka, akatoka nje. Kesho yake alikuja na chipa za moto, vile vimkate vya muhogo na jibini, amezifunika kwa kitambaa, akasema alicheka kwa sababu ya woga, kwamba alihisi Melanio amesimama nyuma yake. Deolinda alizipokea chipa, akasema asante, akafunga geti. Tangu hapo ni salamu za juu ya ua, na mvua imenyesha, na mvua haijanyesha.

Jioni ile mashine ilipozimikia kumi la pili, Deolinda alifungua kopo la dawa alimohifadhi flashi. Flashi yenyewe ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto, na ndani yake Melanio alikuwa ameweka kila kitu: Linux nzima, sauti, programu ya rozari. Alimwachia na maneno, akiyaandika taratibu ili yasemwe taratibu.

"Hii ikifa, usinunue nyingine kwa macho. Mtu wa Linux hanunui laptopu kwa macho. Chomeka flashi hii humohumo dukani, iwashe, uone kama inakubali. Bonyeza kila herufi. Tazama kama inauona mtandao. Ifunge, uifungue, uone kama inaamka. Isikilize ikisema. Muuzaji akikataa usichomeke, muage. Na uchukue nene nyeusi, mbaya ya sura. Hizo hazizeeki."

Alikuwa na akiba ya nguruwe aliowauza. Ijumaa alfajiri alivaa gauni lake la kanisani, akapanda basi mpaka Oviedo, na la pili mpaka Ciudad del Este, mpakani, mji ambao Waparaguai na Wabrazili wote hukimbilia wakitaka kitu chenye waya.

Maduka ya mwanzo yalikuwa ya vioo, baridi kama ndani ya friji. Msichana mwenye kucha ndefu alimpokea kwa tabasamu.

"Karibu malkia wangu! Zawadi ya mjukuu?"

"Yangu mwenyewe. Ya kuwekea Linux."

Tabasamu la msichana likapoteza njia. "Hii ina mfumo wake tayari, malkia, mpya kabisa. Unawasha, unacheza sinema."

"Naomba niichomeke hii kwanza." Deolinda akatoa flashi kwenye mkoba.

"Hapana, hapana, mama! Ukiweka kitu cha nje, dhamana inakufa palepale." Akamgeukia mwenzake. "Eti anataka kuiwekea ya kwake!"

"Labda ana virusi vyake kutoka kijijini," mwenzake alisema, wakacheka, si kwa ubaya mkubwa.

Deolinda akarudisha flashi mkobani. "Basi kwaherini, wanangu. Mungu awape wateja wenye haraka."

Duka la pili walimruhusu kutazama, si kugusa. La tatu, mwanamume mwenye tai alimweleza kwa upole sana, kama anayeongea na kiziwi, kwamba mtu wa umri wake angefurahi zaidi na simu kubwa. Deolinda aliondoka akiwa amechoka miguu na amechoka kuitwa malkia. Mitaa ilikuwa imejaa watu wenye mabegi makubwa mgongoni, kila mmoja anajua aendako. Kwa Melanio safari kama hii ilikuwa sikukuu. Alikuwa akirudi na harufu ya mji kwenye shati, akimsimulia muuzaji gani alimdanganya na kwa ustadi gani. Deolinda aliwaza kwamba akirudi safari hii hakuna atakayemsimulia.

Mtu aliyemkubalia alikuwa kwenye ghala la chini, pembezoni, panapouzwa laptopu za mtumba zilizotoka ofisi za kaskazini. Aliitwa Osmar, mtu wa makamo, mnene, na bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio kama sigara. Alipoiona flashi, aliinua nyusi.

"Ahaa. Wewe ni wa dini ile nyingine."

"Dini yangu ni ya Bikira wa Caacupé," Deolinda alisema. "Hii ilikuwa ya mume wangu."

"Basi keti, mama. Wa dini hiyo huwa hawanunui upesi. Wanakuja, wanachomeka, wanapapasa, wanabonyeza herufi moja moja, wanaondoka. Kuwauzia laptopu ni sawa na kuozesha binti kwenye ukoo wa mawakili."

Deolinda alicheka, na kicheko chake kikamshangaza mwenyewe. Osmar alimimina maji ya barafu juu ya majani ya tereré ndani ya pembe la kunywea, akampa. Deolinda alikunywa, akarudisha pembe, akasema, "Asante."

Kwao, ukisema asante umemaliza, hupewi tena. Osmar alimtazama. "Pembe moja tu? Jua hili la nje?"

"Moja inatosha."

Ilikuwa imeanza kumtosha tangu msiba. Kila alipopewa pembe, asante ilikuwa mdomoni kabla maji hayajafika kooni.

Osmar alimwekea mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nene nyeusi, mbaya ya sura, dada halisi wa ile ya nyumbani. Ya pili ilikuwa nyembamba ya rangi ya fedha.

Deolinda alianza na nene. Flashi ikakubaliwa bila maneno, na jina la Melanio likatokea katikati ya kioo kama alivyoliandika. Alibonyeza kila herufi. Aliufunga mfuniko, akasali Atukuzwe Baba, akaufungua, ikaamka. Mitandao ya jirani ikajipanga yote. Kisha akaweka kiganja chini ya tumbo la mashine. Ilikuwa ya moto. Si kama ya nyumbani, lakini joto lile alilijua, lilimpanda mpaka begani.

"Hizo ndivyo zilivyo," Osmar alisema. "Zinatoa jasho lakini zinalima."

Akahamia nyembamba. Ikakubali. Ikaamka. Ikaona mitandao. Deolinda akaiweka mapajani, akaiacha iwake huku akiigusa hapa na pale, chini, ubavuni, karibu na bawaba. Baridi. Akaiacha tena kwa muda mrefu, Osmar akimhudumia mteja mwingine. Baridi bado, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Nataka kuisikia ikisema," alisema.

Lakini mlangoni palikuwa na mwanamke anayenadi soksi kwa kipaza sauti, na ng'ambo ya njia mwingine ananadi mablanketi, na katikati yao redio ya mtu inatangaza mpira. Hata Osmar ilimbidi apige kelele ili asikike. Akafungua droo, akamtolea hedifoni. "Vaa hizi, mama! Hapa hata malaika angeshuka na tarumbeta wangemwambia apunguze bei!"

Deolinda akazivaa. Akabonyeza kitufe kirefu.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," Melanio alisema katikati ya kichwa chake.

Alikaa hivyo hajui kwa muda gani. Soksi, mablanketi na mpira vilikuwa vimeondoka duniani. Alipovua hedifoni, Osmar alikuwa ameacha kuongea na wateja, anajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

"Nitachukua hii ya baridi," Deolinda alisema.

"Ya fedha? Watu wa dini yako huwa wanachukua nyeusi."

"Nimechoka na moto, mwanangu."

Osmar aliiingiza Linux kutoka kwenye flashi mpaka ndani ya mashine yenyewe, akaifunga kwenye karatasi, na juu yake akaweka zile hedifoni. "Nyongeza," alisema. "Ili ukifika kwako usiseme Osmar alikunyima." Akampa pia namba yake ya simu.

Alilala kwa binamu wa Melanio huko Oviedo, akafika nyumbani Jumamosi mchana. Alifagia baraza. Alikata maua ya waridi, akayaweka kwenye glasi mbele ya picha ya Bikira, na pembeni ya picha akaiweka laptopu mpya kwenye meza, si sakafuni tena. Ile ya zamani aliifunika kwa kitambaa cha mezani, kama mtu anavyomfunika mgonjwa aliyepata usingizi. Saa kumi na moja alikaa, akafanya ishara ya msalaba, akasali nusu yake, akabonyeza kitufe kirefu.

Kimya.

Akadhani amebonyeza vibaya. Akabonyeza tena. Kwenye kioo maneno yalipita, moja baada ya jingine, kama yalivyopaswa kupita, lakini hayakuwa na mtu wa kuyasema. Aliongeza sauti. Vijistari vikapanda mpaka juu kabisa. Akainama, akaweka sikio kwenye vitundu vya pembeni mahali sauti inapotokea, na kitu pekee alichokisikia ni damu yake mwenyewe.

Alimpigia Osmar simu.

"Nyembamba ya fedha?" Osmar aliuliza. "Lo, mama. Kosa langu na lako. Tumeisikiliza kwa hedifoni, hatukuisikiliza kwa mdomo wake. Hizo nyembamba zina spika zenye maringo, zinataka kuamshwa kwa namna yao, na Linux bado haijajua namna hiyo. Labda mwakani watu wake watagundua. Kwenye hedifoni si anasema?"

"Anasema."

"Basi tafuta spika ndogo ya nje, ichomeke kwenye kitundu kilekile. Dawa ya hapohapo."

"Hapa Jumamosi jioni kila kitu kimefungwa mpaka Jumatatu."

"Au uirudishe, nikupe ile nyeusi. Imenikalia hapa bado."

Deolinda alimshukuru, akakata simu. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa. Melanio hakumwonya juu ya jambo hili kwa sababu zile nene zake hazikuwa na ugonjwa huu. Na yeye alikuwa amechunguza joto peke yake, joto, joto, mpaka akasahau kwamba alikwenda kununua mdomo. Baraza lilikuwa kimya. Akagundua kwamba tangu wamzike Melanio hakuwa bado amekaa kwenye ukimya huo saa hiyo ya siku. Alikuwa ameukimbia kila jioni kwa kubonyeza kitufe.

Alikwenda kuchukua hedifoni, akazichomeka, akazivaa juu ya shungi lake. Akaanza upya.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Akabonyeza. Melanio akajibu, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu tangu alazwe kitandani. Alikuwa ndani kabisa, nyuma ya macho. Deolinda alifumba macho. Salamu ya pili. Ya tatu. Yote yalikuwepo, na bado kuna kitu kilikosekana, na hakukijua mpaka alipofumbua macho akaona mtu anapita njiani na baiskeli, amegeuza shingo kumtazama. Yule mtu alimsikia mwanamke anayesema nusu ya sala, ananyamaza, anatikisa kichwa, anasema nusu nyingine ileile. Zamani wapita njia walisikia watu wawili wakisali. Sasa walimsikia mmoja. Melanio alikuwa ameingia kwake peke yake, na kwa ajili ya hilo ametoka barazani, ametoka uani, ametoka Carayaó nzima.

"Bi Deolinda!"

Alivua upande mmoja wa hedifoni. Ceferina alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, kisu mkononi, aproni imejaa maganda ya mihogo.

"Abee, Bi Ceferina."

"Mbona leo unasali nusu?"

"Sisali nusu. Nasali yote."

"Yako naisikia. Yake iko wapi?"

Deolinda aligusa hedifoni. "Yumo humu."

"Humo masikioni?"

"Mashine mpya haina mdomo. Ni bubu kwa nje. Nimenunua bubu, Ceferina. Nimesafiri mpaka mpakani, nimechagua mwenyewe kwa mikono yangu, na nimenunua bubu. Haya, cheka."

Ceferina hakucheka. Alifuta kisu kwenye aproni, upande huu, upande ule.

"Basi mimi simsikii," alisema, karibu kwa hasira.

"Kwani ulikuwa unamsikia?"

"Tutenganishwe na ua huu wa vijiti, nisimsikie? Kila siku ya Mungu! Namenya mihogo hapo jikoni, nawe unaanza, na yule bati wako anajibu, nami najibu naye. Alipokuwa akizimika njiani kabla hujasafiri, nilikuwa naachwa na sala mdomoni kama mtu aliyeshushwa kwenye basi porini. Leo nimengoja. Nikasikia unasema peke yako, unanyamaza. Nikajua ameisha."

Deolinda alikumbuka kisu kile kilichokuwa kikinyamaza.

"Hukuniambia," alisema.

"Ungenifungulia geti?"

Deolinda alishika punje ya rozari mahali alipokuwa ameishia, asiipoteze.

"Sasa ingia," alisema.

"Siingii, mikono yangu ina mihogo, na chungu kiko motoni. Wewe endelea. Ulikuwa wapi?"

"Kumi la kwanza. Punje ya nne."

"Haya basi."

Deolinda alirudisha hedifoni kwenye sikio moja, lile lingine akaliacha wazi. Akasema nusu yake. Akabonyeza. Ndani ya sikio la kushoto sauti ya bati ikaenda mbio, bila pumzi, kama ilivyokuwa ikienda siku zote. Kwenye sikio la kulia Ceferina alianza akiwa amechelewa, sauti nzito ya mtu aliyesimama karibu na moshi, akivuta "wakosefu" kama anayevuta ndoo, na kukohoa katikati. Melanio alikuwa amemaliza zamani. Kitufe kirefu kilikuwa chini ya kidole cha Deolinda. Kwa mazoea kidole kilitaka kushuka kwenye salamu inayofuata.

Alikizuia. Akangoja mpaka yule wa nyuma afike.

"...sasa na saa ya kufa kwetu. Amina," Ceferina alisema.

"Salamu Maria," Deolinda alisema.

Walikwenda hivyo makumi yote, Melanio mbele, Ceferina nyuma, na Deolinda katikati yao akihesabu punje. Mara mbili Ceferina aliondoka kwenda kukoroga chungu, akarudi, akakuta amengojwa. Kwenye litania sauti zao ziligongana kabisa, Ceferina akasema, "Mwambie apunguze mwendo, mwanamume huyu, hata akiwa marehemu ana haraka," na Deolinda akasema, "Alikuwa hivyo hata kwenye Misa," na wakaendelea.

Walipomaliza, Ceferina aliingia ndani akatoka na pembe la tereré, akalipitisha juu ya ua. Deolinda alisimama, hedifoni zikining'inia shingoni, akanywa. Maji yalikuwa na mnanaa na ubaridi wa kuuma meno. Akarudisha pembe.

"Asante," alisema.

Ceferina alilishika pembe bila kulimimina tena. "Moja tu?"

Deolinda alisikia alichokisema baada ya kuwa ameshakisema. Alitazama pembe, akatazama mikono ya Ceferina yenye unga wa mihogo.

"Leo moja," alijibu.

"Haya. Na hiyo spika, Jumatatu?"

"Jumatatu kama duka limefungua."

"Kesho, je?"

"Kesho hana mdomo."

"Basi kesho uniite kwa sauti kabla hujaanza," Ceferina alisema, "maana sitajua." Akaingia jikoni kwake.

Giza lilikuwa linaanza kushika chini ya miti. Deolinda alirudi barazani, akachomoa hedifoni, akauzungusha waya vidoleni vizuri ili usikatike. Kabla ya kufunga mfuniko wa laptopu, aliweka kiganja chini ya tumbo lake, kama alivyokuwa akifanya kila jioni. Ilikuwa baridi, hata baada ya makumi yote na litania. Akakiacha kiganja pale kidogo, akitafuta joto lile alilolizoea. Halikuwepo. Akafunga.